Faida ya Nyumba ya Sanaa kwa Watu wa Mtaa

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Jumuiya, Kampala

 

Nimeombwa niseme machache juu ya faida ya nyumba ya sanaa kwa watu wa mtaa. Najua wamo humu wanaojiuliza, sheikh ana nini na sanaa? Swali hilo ni la haki, na mimi mwenyewe nilikuwa nalo kwa miaka mingi. Basi naomba nianze kwa kukiri kosa langu.

Nilipokuwa kijana, nikisomesha chuoni, alikuwako mtoto mmoja mwenye mkono mwepesi. Nikimwandikia herufi ubaoni ili azinakili, huzinakili sawasawa, kisha huzizungushia majani na maua. Siku moja nilimfutia ubao wake mbele ya wenziwe, nikamwambia kuwa chuo si mahali pa mchezo. Hakurudi tena.

Miaka ikapita. Tulipokwisha kuupaka rangi msikiti wetu tulitaka khati njema juu ya kibla, tukamwita fundi kutoka mbali na kumlipa fedha nyingi. Baadaye nikamkuta yule mtoto mjini, sasa mtu mzima mwenye ndevu, akiandika vibao vya maduka. Herufi zake zilikuwa nzuri kuliko zile tulizozinunua. Aliniamkia kwa adabu wala hakunilaumu. Mimi ndiye niliyejilaumu.

Ndugu zangu, kipawa ni amana. Mtoto akipewa amana hiyo na Mola wake, kisha asipate mahali pa kuilea, hasara si yake peke yake. Ni hasara ya mtaa mzima.

Tusidhani kuwa jambo hili ni geni katika mji wetu. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908 pale Old Kampala, kilima kile kile ambacho juu yake leo wasimama Msikiti wa Taifa. Mwaka 1959 kikaundwa kwa sheria Kituo cha Taifa cha Utamaduni, pamoja na jumba lake la michezo ya kuigiza; na nyuma ya jumba hilo viko vibanda ambamo watu hupata riziki yao kwa kuuza vikapu, ngoma na vinyago. Mwaka 1984 Bwana Stephen Rwangyezi alianzisha kikundi cha Ndere, ambacho leo kina kituo chake upande wa Ntinda. Jina hilo latokana na endere, yaani filimbi. Hapo huchezwa ngoma za makabila mbalimbali ya Uganda, na kijana hujifunza kuiheshimu ngoma ya jirani yake kama ile ya babu yake. Na ile nguo ya magome ya mutuba, ambayo wengi waliiona ya kizamani, mwaka 2005 ilitangazwa na UNESCO kuwa miongoni mwa hazina za wanadamu wote.

Katika hayo twaona faida tatu: riziki, ujirani mwema, na kuhifadhiwa kwa ujuzi wa wazee.

Nasi je, hatuna chetu? Tunayo khati. Tunazo kaswida na matari. Wako mama zetu wajuao kusuka ukili na kushona mikeka, na mama wa Kinubi ambao sinia zao za kusuka kwa rangi hupamba harusi zetu. Lakini kila tunapomzika mmoja wao, twazika na ujuzi wake, kwa kuwa binti zake hawakupata mahali wala wakati wa kukaa naye.

Wako wanaohofu kwamba nyumba kama hiyo italeta upuuzi. Hofu yao siidharau. Lakini dawa yake ni kuweka wasimamizi, kupanga siku za wanawake na siku za wanaume, na kusimamisha kila kazi wakati wa sala. Kumwachia kijana barabara si dawa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Wala siombi jumba la ghorofa. Nyuma ya madrasa yetu kiko chumba kimoja, nacho leo kimejaa viti vibovu na masufuria ya maulidi. Masufuria yaweza kupata pengine pa kukaa. Naiomba Jumuiya itoe ufunguo wa chumba hicho, itie taa, meza ndefu na mikeka michache. Mengine yataletwa na wenye ujuzi.

Yule mwandishi wa vibao nimekwisha kumwendea nikamtaka radhi. Amekubali kuja kila Jumapili kufundisha watoto khati, bila ya ujira. Ameuliza jambo moja tu: je, watoto wataruhusiwa kutia maua?

Nimemjibu kuwa wataruhusiwa. Naomba msinifanye mwongo.