Mingoyo idai viwanja kabla bei haijapanda



Ukisimama Mnazi Mmoja pale Mingoyo, zinapoachana barabara za Lindi, Mtwara na Masasi, huhitaji kuambiwa na mtu kwamba mji unakua. Bati jipya linang'aa hadi ndani ya minazi. Wanaojenga ni dereva wa bodaboda, mama lishe, mwalimu, mkulima wa ufuta aliyeuza vizuri msimu uliopita. Wengi wao hawasubiri benki. Saruji mifuko mitano leo, bati kumi baada ya korosho, na nyumba inasimama polepole, chumba baada ya chumba, huku mwenyewe amekwishahamia.

Hiyo ndiyo nyumba ya gharama nafuu tunayoijua sisi. Maofisa wakitaja neno hilo huwa na picha nyingine: nyumba iliyokwisha, vigae mpaka chooni, ambayo mama lishe hataimudu hata akikopeshwa. Sizipingi nyumba hizo, wapo wanaozihitaji. Lakini watu wa Mingoyo wakikaa kikao kudai jambo, ningependa wadai ardhi iliyopimwa, na ipimwe mahali ambapo maji hayafiki.

Maana maji tunayajua. Januari 2020 mafuriko yaliua watu katika mkoa huu wa Lindi, Kilwa ikaumia zaidi. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Mvua zake zikavunja barabara upande wa Somanga, na Lindi na Mtwara zikabaki zimetengwa na Dar es Salaam. Wazee wanakumbuka kimbunga cha 1952, kilichoupiga mji wa Lindi wenyewe. Sasa tazama bonde la mto Lukuledi na kingo za mikoko hapa kwetu. Asiye na pesa ya kiwanja cha juu hushuka bondeni, kwa sababu bondeni ni rahisi. Halafu tunamlaumu yeye kwa ubishi! Na kila habari ya mradi wa gesi wa Likong'o inapotangazwa redioni, dalali wa viwanja huwa ameshaisikia kabla yetu, na bei huanza kupanda.

Watu wa kipato kidogo wanaweza kujipanga? Wameshajipanga. Serikali ilipobomoa makazi ya Kurasini, Dar es Salaam, ili kupanua bandari, wapangaji wengi waliondoka mikono mitupu, kwa kuwa fidia humwangalia mwenye nyumba. Baadhi yao walikuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba vya Shirikisho la Maskini wa Mijini. Wakisaidiwa na taasisi isiyo ya kiserikali ya CCI wakanunua eka 30 Chamazi. Wakafyatua matofali wenyewe, wakabishana na wizara hadi wakaruhusiwa viwanja vidogo kuliko kawaida, ili eka zile zitoshe watu wengi. Nyumba ilianza na chumba kimoja au viwili, ya kuongezwa baadaye. Majitaka yao wakayajengea bwawa lenye mimea ya kuyasafisha. Mambo hayakunyooka yote: Chamazi ni mbali na mjini, wengine wakasita kuhamia, na mikopo ikawa mizito kulipika. Mimi hapo ndipo naona Mingoyo ina bahati. Kazi na soko vipo barabarani, ardhi nayo bado haijabanana.

Kuhusu tofali, nitakaa kidogo. NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, umeeneza kwa miaka mingi tofali za kufungamana. Unachukua udongo wa kichanga, si mfinyanzi mtupu wala mchanga wa pwani wenye chumvi, unachanganya na saruji kidogo, unashindilia kwa mashine ya mkono. Tofali halichomwi, linafunikwa na kumwagiwa maji mpaka likomae. Kwa vile tofali hizi zinashikana zenyewe, udongo wa kujengea kati ya tofali na tofali unapungua sana. Kuni za tanuri zinabaki porini, na saruji inatumika kidogo; viwanda vya saruji duniani hutoa karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Naijua lawama ya mafundi, kwamba tofali hizo zinamomonyoka kwa mvua. Zinamomonyoka zikikosa msingi wa mawe na upenu mrefu. Nyumba za udongo za babu zetu zilikuwa na baraza na upenu, na havikuwekwa kwa urembo.

Bati nalo, tuseme ukweli, limetupikia watoto. Paa la makuti lilikuwa baridi, ila linaungua na linadai kubadilishwa. Basi ukiweka bati, inua ukuta, acha matundu ya hewa juu, weka dari hata ya mikeka, na usiukate mwembe ulio upande wa jua la alasiri.

Mashine ya kufyatulia si lazima mtu mmoja ainunue. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kinaweza kuomba mkopo wa mashine, kikawauzia jirani zao tofali, kikarejesha.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukiitwa, usiende kusikiliza taarifa ya mapato ukarudi nyumbani. Mwombe mtendaji abandike ramani ya mipango miji ukutani, watu waione. Muulize ni eneo gani la juu limetengwa kwa viwanja vidogo, kiwanja kitalipiwa kwa awamu ngapi, na bondeni ni wapi pasipojengwa kabisa. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na diwani apewe nakala kabla ya bajeti ya manispaa kupitishwa.