Mama Amebadilika, Tusikimbilie Kukemea

Hapa Bunia baba analeta bibi yake tumkemee pepo: anakasirika bure, analia, usiku jasho linamtoka, halali. Mimi kwanza ninauliza miaka yake. Kwa wengi, kati ya miaka 45 na 55 damu ya mwezi inakoma, homoni ya estrojeni inapungua, na mtu asiyelala hasira yake iko karibu. Mwanzo 18 inasema wazi Sara naye alifika hapo. Hakuna aliyemkemea pepo. Baba, punguza maneno, uteke maji wewe mwenyewe, umwache alale. Mama, huzuni ikipita majuma mawili, au damu ikirudi baada ya mwaka mzima, uende kwa muganga wa hospitali. Maombi tutaendelea nayo.