Tupande Nini Baada ya Idd?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, nilipoambiwa nizungumze leo nilidhani nitapewa mada ya fadhila za kumi la mwisho. Wakubwa wakasema, "La, wewe unasoma kilimo huko chuo kikuu, tueleze habari ya hali ya hewa na chakula." Basi mtanisamehe nikitaja mahindi na muhogo mbele ya watu waliofunga, na Magharibi bado iko mbali!

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nyanyangu analima shamba dogo huko Kwale. Miaka yote alikuwa akipanda vitu vingi pamoja: mahindi, muhogo, kunde, mbaazi, na pembeni mtama kidogo wa kugombania na ndege. Mwaka 2021 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najiona msomi. Nikamwambia, "Nyanya, mchanganyiko huu ni wa kizamani. Panda mahindi ya mbegu za dukani shamba lote, uuze upate pesa." Akanitazama akaniuliza, "Mjukuu wangu, na mvua isipokuja?" Nikamjibu, itakuja inshaallah. Akakubali kwa mapenzi tu.

Vuli ile ilinyesha siku chache ikakatika. Mahindi yalifika kiunoni yakakauka, hayakutoa hata ndevu. Miezi iliyofuata tulikula muhogo wa ng'ambo ya mtaro, ule ambao sikuwahi kuung'oa. Nyanya hakunilaumu hata siku moja. Lakini swali lake ndilo lililonipeleka kusoma kilimo. Leo nataka tulijibu pamoja.

MVUA ISIPOKUJA

Vuli ile haikuwa ya Kwale peke yake. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kutosheleza katika Kenya, Somalia na Ethiopia. Ulikuwa ukame mbaya zaidi katika miaka 40. Hapa Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa, na mwanzoni mwa 2023 watu zaidi ya milioni 4 walikuwa hawana chakula cha kutosha. Sisi tukifunga tunajua saa ya kufuturu. Ndugu zetu wa Wajir, Mandera na Marsabit hawakuwa na adhana ya kuwaambia njaa imekwisha.

Je, hiyo ilikuwa kawaida tu ya dunia? Mwezi wa Aprili 2023 kundi la wanasayansi, akiwemo Mkenya Joyce Kimutai, lilitoa utafiti juu ya ukame ule. Walilinganisha dunia ya leo na dunia ambayo haijaongezwa joto na moshi wa viwanda, magari na mitambo. Waliona kuwa mabadiliko ya hali ya hewa yaliufanya ukame wa aina ile uwe rahisi kutokea kwa takriban mara 100. Na sababu kubwa si mvua peke yake. Ni joto. Jua linapozidi, ardhi na mimea hupoteza maji haraka, hata yale machache yaliyonyesha hayakai. Mvua ileile chache, katika dunia yenye ubaridi wa zamani, isingeleta maafa ya kiasi kile.

Halafu ukame ulipokwisha, mwisho wa 2023, yakaja mafuriko. Mto Tana ukafurika, mashamba yakazama, na masika ya 2024 yakaua watu wengi zaidi. Kwa hivyo mtu asikwambie kwamba mabadiliko haya maana yake ni ukame tu. Maana yake ni kwamba kalenda aliyoijua nyanya haiaminiki tena kama zamani.

JOTO NA MAHINDI

Sasa tuje kwenye sima. Mahindi si mwenyeji wetu, yaliletwa kutoka bara la Amerika baada ya Wareno kuanza safari zao za bahari. Leo tumeyategemea mpaka mtu asipokula sima husema hajala. Lakini mahindi yana udhaifu mmoja: hayapendi joto kali, hasa yakiwa yanatoa ndevu.

Mwaka 2011 mtafiti David Lobell na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi yaliyofanywa sehemu mbalimbali za Afrika. Waliona kuwa kila siku moja ambayo joto linapita nyuzi 30 kwa nyuzi moja, mavuno hupungua asilimia 1, hata kama mvua ni nzuri. Kukiwa na ukame, hupungua asilimia 1.7. Hebu piga hesabu: siku ishirini za jua kama hilo, gunia ngapi zimekwenda? Na hapo mkulima hajafanya kosa lolote.

Mwaka 2017 utafiti mwingine ulikusanya tafiti nyingi za dunia nzima. Uliona kuwa joto la dunia likipanda kwa nyuzi moja, mavuno ya mahindi hupungua kwa wastani wa asilimia 7.4, ngano asilimia 6, na mpunga asilimia 3.2. Kwa hivyo hata mahamri na pilau haviko salama, maana sehemu kubwa ya ngano yetu hutoka nje, na huko nako joto linapanda.

Linaloumiza moyo, ndugu zangu, ni kwamba bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 5 ya moshi huu. Anayechoma sana hana njaa, na mwenye njaa hakuchoma. Hiyo ni dhulma, na kijana wa Kiislamu ana haki ya kuiita kwa jina lake, iwe ni darasani, barazani au mbele ya viongozi.

NDOTO YA MFALME

Nilipokuwa nasoma takwimu hizi, wallahi, nilikata tamaa. Kisha nikarudi kusoma vizuri. Ule utafiti wa 2017 hausemi tu kwamba mavuno yatapungua. Unasema yatapungua iwapo mkulima hatabadilisha kitu. Sharti hilo dogo ndilo lililonirudishia matumaini.

Nikakumbuka kisa tulichosomeshwa madrasa, cha Nabii Yusuf (A.S.) na mfalme wa Misri. Sote tunakijua: ng'ombe saba wanono wakaliwa na saba dhaifu. Lakini tulipokuwa wadogo tulishangazwa na kufasiri ndoto, tukasahau yaliyofuata. Nabii Yusuf hakuishia kusema njaa inakuja. Alitoa mpango: limeni kwa bidii, kuleni kidogo, mengine yaacheni katika masuke yake, na muweke akiba ya mbegu. Watafiti wa leo wametufasiria sehemu ya kwanza tu. Mpango ni juu yetu.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tusipande kitu kimoja. Mwaka 2012 Andy Jarvis na wenzake walipima mazao makuu ya Afrika, wakaona kuwa maharage na viazi vitaumia sana na joto, lakini muhogo karibu hautadhurika, na sehemu nyingine utafaidika. Yaani yale niliyoyaita ya kizamani ndiyo yaliyotulisha! Lakini tusidanganyane, muhogo nao una maradhi yake. Batobato na michirizi ya kahawia iko hapa pwani, kwa hivyo tafuta vipando visivyo na ugonjwa, usichukue kijiti chochote cha jirani.

Pili, tuhifadhi vizuri. Mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Mahindi yalihifadhiwa yakiwa na unyevu. Mvua zisizo na saa huongeza hatari hiyo. Anika mpaka yakauke kabisa, tena juu ya turubai si juu ya mchanga, kisha tia katika ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Fukusi na dumuzi hufa humo bila dawa. Lakini yakitiwa mabichi, mfuko hautayasaidia.

Tatu, tuangalie sahani zetu, na hapa nazungumza na sisi tunaofuturu. Umoja wa Mataifa ulihesabu kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na sehemu kubwa ilitupwa majumbani. Hatuhitaji takwimu kujua hilo, tuangalie tu jaa la taka la mtaani asubuhi ya Ramadhan. Viazi vya nazi, kaimati, sambusa, nusu vimeliwa nusu vimemwagwa. Mtu hawezi kufunga mchana kwa ajili ya mwenye njaa, kisha usiku akatupa haki yake.

Nne, tusikilize utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kila msimu. Tuswali swala ya kuomba mvua, ni sunna na tuihuishe. Lakini sote twamjua yule bwana wa ngamia aliyeambiwa afunge kwanza, kisha amtegemee Mola wake. Kusikiliza utabiri si kupungukiwa na imani.

Ndugu msomaji, Ramadhan hii imetukuta katika jua la kaskazi, na Idd ikipita masika hayako mbali. Nyanya keshaanza kutayarisha shamba. Juzi alinipigia simu akaniuliza, "Haya msomi, mwaka huu tupande nini?" Nikamwambia, "Nyanya, panda kama ulivyokuwa ukipanda, na mimi nitakuletea vipando vizuri na mifuko." Akacheka sana.

Nami nakuombeni: ukitoka hapa, muulize mzee wako alikuwa akipanda nini kabla ya mahindi kutawala shamba lote. Andika. Kisha mpelekee na wewe ulichokisoma. Elimu yake na yako zikikutana, inshaallah watoto wetu watapata cha kufuturia.

Allah atutakabalie saumu zetu, atuteremshie mvua yenye baraka, na awape faraja walio na njaa. Amin. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.