Gari la Umeme Linapolia Miguu ya Mbele

 Wasikilizaji wetu wa Kigoma Mjini, Ujiji, Mwandiga na vijiji vyote vya ufukweni, leo kipindi chetu cha ufundi kinaingia chini ya gari, kwenye miguu ya mbele. Kuna mlio unaowakera wengi: ile "nyiii, nyiii" inayosikika tairi likipanda tuta na kushuka, au abiria akiteremka na gari likainuka. Tutautafuta unakotoka, kisha tuone ni kipi unachoweza kukitengeneza mwenyewe nyumbani.

Mfano wangu leo ni gari la umeme. Najua huku kwetu bado ni machache, na wengi wenu mnaendesha IST, Probox au Noah. Kaeni na redio, kwa sababu miguu ni ileile. Chukua Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2010 na ambayo leo inapatikana hata kwa mtumba. Fungua tairi lake la mbele: utakuta shokapu iliyovikwa springi, mkono wa chini wenye bushi zake, boljointi, na fimbo ya stabilaiza pamoja na linki zake. Fungua la IST, utakuta mpangilio huohuo.

Tofauti iko kwenye uzito na ukimya. IST ina uzito wa takriban tani moja. Leaf inakaribia tani moja na nusu, na katika zile za mwanzo betri peke yake ni karibu kilo 300. Mzigo huo unazikandamiza bushi na boljointi kila gari linapodunda kwenye shimo. Halafu hakuna injini inayonguruma. Mlio ambao kwenye Noah ungemezwa na kelele za injini, kwenye gari la umeme unamfikia dereva wote. Usitishike ukiusikia. Umeusikia mapema, na hiyo ni faida kubwa.

Sasa kwa nini linalia? Bushi ni mpira uliobanwa kati ya vyuma viwili. Mkono wa chini ukipanda na kushuka, mpira unajinyonga kidogo na kurudi. Ukichanika, au ukiachana na chuma chake, unaanza kusuguana nacho, na hapo ndipo sauti inapozaliwa. Bushi za stabilaiza, zile zinazoishika fimbo inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia, mara nyingi ndizo za kwanza kushukiwa. Kiangazi vumbi letu jekundu linapenya kati ya mpira na fimbo. Mvua za Novemba zikianza, vumbi lile linageuka tope, tope linakauka, na kila ukivuka rasta fimbo inajizungusha ndani ya mchanga. Wapo wanaolaumu maji ya ziwa. Maji ya Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari, na chuma cha hapa hakiliwi kama cha Tanga au Zanzibar. Mimi naliogopa zaidi tope la barabarani.

Kosa linalowamaliza watu mifuko ni kununua spea kabla ya kujua kinacholia. Spea ya gari la umeme mara nyingi itabidi iagizwe Dar es Salaam, na kwa reli hiyo ni safari inayozidi kilometa 1,200. Ukiagiza shokapu mbili kumbe kilicholia ni bushi ndogo ya stabilaiza, umepoteza fedha, umepoteza siku, na mlio bado unao.

Kwa hiyo anza na masikio. Sauti kavu ya kusaga, kama mlango wenye bawaba isiyo na mafuta, ni ya mpira au ya boljointi iliyokauka. "Ko, ko, ko" kwenye barabara ya mawe madogo, mara nyingi ni linki ya stabilaiza iliyolegea. "Tak, tak, tak" wakati unakata kona na gari linatembea, angalia shafti inayozungusha tairi. Ukizungusha usukani gari limesimama na mbele kukatoa mngurumo na kishindo, mtuhumiwa ni kitako cha juu cha shokapu na bearingi yake.

Baada ya masikio, tumia mkono. Egesha gari mahali tambarare, kata usukani upande mmoja ili upate nafasi, weka kwenye P, vuta handbreki, zima kabisa, na weka kabari nyuma ya matairi ya nyuma. Gari libaki limesimama kwa matairi yake. Jeki bado haihitajiki. Msaidizi wako asimame kwenye kona moja ya mbele, aikandamize bodi chini na kuiachia, taratibu, tena na tena. Wewe chuchumaa kando ya tairi, kisha weka vidole juu ya boljointi, juu ya linki, juu ya bushi, kimoja baada ya kingine. Usipeleke vidole kati ya koili za springi. Sauti hutembea ndani ya chuma na kulidanganya sikio, lakini kifaa kinacholia hutetemeka, na vidole vitakwambia. Mafundi wengine huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifaa na sikio kwenye mpini. Njia hiyo nayo inasaidia.

Ukishamshuku mmoja, mpime kwa maji. Chukua chupa ndogo, toboa kifuniko, mwagia bushi moja tu, kisha msaidizi akandamize tena. Mlio ukinyamaza kwa dakika chache halafu ukarudi, umempata. Mwagia moja moja. Ukirowesha mguu mzima hutajua ni ipi iliyonyamaza. Na usitumie mashine ya presha ya kuoshea magari kwenye kazi hii, kwa sababu maji ya nguvu yanapenya penye viungio vya nyaya na kwenye ngozi za boljointi.

Kuhusu nyaya, hili naomba kila mwenye gari la umeme alishike. Ukichungulia chini utaona nyaya nene za rangi ya chungwa. Zinabeba umeme wa zaidi ya volti 300, na umeme huo unaua. Kazi ya miguu haikulazimu kuzigusa, kwa hiyo usizisogeze wala usizifungue. Na ukifika wakati wa kupiga jeki, tafuta sehemu iliyoimarishwa kwenye ukingo wa bodi. Sahani pana iliyo katikati ya uvungu ni nyumba ya betri; usiweke jeki hapo. Ujiji na Kibirizi ardhi ina mchanga, basi weka kipande cha ubao mpana na mnene chini ya jeki, kisha stendi, kabla hujapeleka hata mkono chini ya gari.

Sasa dawa. Bushi ya stabilaiza ikiwa bado nzima, fungua kishikio chake, ioshe kwa maji na sabuni, safisha fimbo mpaka ing'ae, paka grisi ya silikoni, rudisha. Grisi iwe ya silikoni. Ile desturi ya kupuliza oili chafu iliyochanganywa na dizeli chini ya gari ili kuzuia kutu ndiyo inayozimaliza bushi zetu. Mpira unavimba, unalainika, unachanika. Hata mawese, tuliyobarikiwa nayo mkoa huu, hayafai hapo. Mlio utanyamaza jioni moja, halafu vumbi linaganda juu yake na mpira unaharibika.

Lakini grisi iliyo mahali pake inafanya makubwa, na ushahidi tunao hapahapa bandarini. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito. Meli ilikaa miaka chini ya maji, na Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mashine zikaonekana bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Boljointi inahitaji ulinzi huohuo. Ndani yake kuna tufe la chuma linalozunguka kwenye grisi, na juu yake ngozi ya mpira. Ngozi ikipasuka, maji yanaingia, grisi inaoshwa, kutu inaanza. Hata Marekani wenye Tesla Model 3 walilalamikia mlio wa mbele wa namna hii, maji yalipoingia kwenye boljointi ya mkono wa juu. Wapo wanaochukua bomba la sindano na kuingiza grisi kupitia ngozi. Mlio unakoma kweli, lakini kutu iliyokwisha kula chuma haiondoki. Ichukulie kama nafuu ya kusubiria spea.

Ukibadilisha mkono wa chini au bushi zake, usikaze boliti za bushi mguu ukiwa unaning'inia. Zishike kwa wepesi tu, shusha gari, liache likae kwa uzito wake, ndipo ukaze kwa nguvu inayotakiwa. Ukizikaza mguu ukiwa hewani, mpira unabaki umejinyonga saa zote gari likiwa chini, na bushi mpya inachanika mapema. Mafundi wengi wazuri wanalisahau hili, halafu lawama zinapewa spea. Baada ya hapo, peleka gari likapimwe alaimenti.

Springi na kitako cha shokapu mwachie fundi mwenye kifaa cha kubania springi. Springi iliyobanwa vibaya ikifyatuka inavunja mkono, inaweza hata kuua.

Na kabla hujafunga kazi, pima boljointi. Inua tairi, weka stendi, lishike juu na chini ulitikise. Kisha lishike kushoto na kulia ulitikise tena. Likicheza juu na chini, mwulize msaidizi wako anaona nini kwenye boljointi, na pia kwenye bearingi ya tairi. Boljointi ikionekana inacheza ndani ya nyumba yake, usiliendeshe gari hilo, hata kama mlio umenyamaza, hata kama safari ni ya kutoka Ujiji kwenda Mwanga tu. Boljointi ikichomoka, tairi linalala ubavu na usukani haulifikii tena. Mwite fundi aje nyumbani na spea.