ALITUFUNDISHA KUHESABU WATU

Hotuba ya afisa mstaafu wa jeshi la wanamaji, aliyoitoa Ifakara katika arobaini ya rafiki yake



Marehemu nilikutana naye Kigamboni mwaka 1977, makuruta wawili wa kamandi ya wanamaji, iliyoanzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa Wachina. Mimi mtoto wa pwani nilimcheka. Mndamba aliyeshuka treni ya TAZARA, anayejua pondo na samaki kitoga, baharini atafanya nini? Nilicheka mapema. Siku tulipotoswa majini, nilizidiwa na yeye ndiye aliyenitoa. Aliyekulia mto Kilombero, penye mamba na viboko, haogopi wimbi la Kigamboni.

Akapanda vyeo, hakubadilika. Chombo haking'oi nanga mpaka ahesabu vichwa, kuanzia kamanda hadi mpishi. Akisema, "Usipojua umebeba wangapi, kikizama utamtafuta nani?"

Tarehe 21 Mei, 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Watu zaidi ya 800 wakapotea. Wa madaraja ya juu walikuwa kwenye orodha, wa daraja la tatu hawakuandikwa. Meli ikatobolewa ili waliomo ndani waokolewe; hewa iliyoishikilia juu ikatoka, ikazama. Wapiga mbizi wakaletwa kutoka Afrika Kusini. Usiku ule mwenzangu hakula. Alisema neno moja tu: "Mlalahoi hata kufa hahesabiwi."

Sasa niungame mbele yenu. Mwaka 1998 nilikuja hapa nikienda kumzika mjomba wangu ng'ambo, Ulanga. Mto umefurika, kivuko kimesimama. Mtumbwi ulikuwepo, umejaa pomoni. Nilipoinua mguu akanivuta shati: "Afande, umehesabu?" Mtumbwi ukaondoka bila mimi. Ukavuka salama salimini! Mjomba akazikwa sipo. Nilimnunia mwenzangu mwaka mzima, hata salamu sikumpa.

Januari 2016 kivuko cha Kilombero kikapigwa na dhoruba, kikazama. Leo tunavuka kwa daraja la mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018. Tunashukuru, kodi yetu imeonekana. Lakini mwaka huohuo, mwezi Septemba, MV Nyerere ilipinduka Ukara. Uwezo wake watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Nikampigia simu, nikitegemea atasema, "Si nilikwambia?" Hakusema. Aliuliza tu, "Walihesabiwa?" Nikashindwa kujibu. Hapo ndipo nilipomwomba radhi kwa ule mwaka wa 1998, miaka ishirini imepita. Akacheka.

Vijana, tulipokuwa jeshini kabla ya 1992, mwanajeshi alikuwa na chama kimoja tu. Mfumo wa vyama vingi ulipokuja, tukaambiwa askari asiwe na chama. Alitii. Alipostaafu ndipo akachukua kadi ya upinzani, na kila uchaguzi akawa wakala kituoni. Wengine waliondoka kwenda kula. Yeye alibaki na daftari lake mpaka karatasi ya mwisho. Kwake ilikuwa kazi ileile. Kura haina daraja la kwanza wala la tatu.

Basi msimlilie kwa fulana na nyimbo peke yake. Mkipanda boti, ulizeni imebeba wangapi. Mkiitwa mishikaki kwenye bodaboda, kataeni. Mkiwekwa kulinda kura, msiondoke. Mwenzenu akiwavuta shati, msimnunie kama nilivyofanya mimi.

Afande, leo asubuhi nimevuka daraja kwa miguu. Nilijikuta nahesabu watu.

Mungu aiweke roho yake mahali pema peponi. Amina.