Fyuzi za Motakaa na Msaada Njiani



Maneno yangu ya leo yahusu kitu kidogo kilichomo ndani ya motakaa, chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nacho huitwa fyuzi. Wengi wa wale wanaoendesha motakaa hawakikumbuki kitu hiki mpaka usiku ule taa zizimikapo ghafula. Nataka kueleza kazi yake ni nini, jinsi ya kukitazama na kukibadili, na mambo yampasayo mtu ambaye motakaa yake imesimama njiani. Mifano yangu nitaitoa katika njia ya Karatu na Ngorongoro, kwa kuwa njia hiyo hubainisha upesi dereva aliyejiandaa na yule asiyejiandaa.

Mtu atokaye Arusha hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, akaupanda ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara, akapita Rhotia, kisha akaingia Karatu penye mashamba ya ngano, mahindi na kahawa. Kutoka hapo huendelea mpaka Lango la Loduare, na ndani ya lango hupanda msituni kwa kona nyingi hata ukingo wa Kreta, ulio juu ya bahari kiasi cha mita 2,300. Huko ukungu huweza kushuka mchana, hata dereva akalazimika kuwasha taa. Na nyati na tembo huvuka njia wapendapo wenyewe.

Sasa, mashimo na mawe huitikisa motakaa siku baada ya siku. Nyaya za umeme husuguana na chuma, na plastiki izifunikayo ikachubuka. Waya ulio uchi ukigusa bodi, umeme hupita hapo badala ya kupita katika taa, tena kwa wingi mno, na waya ukawa moto kama kaa. Mafundi huliita jambo hili shoti. Hapo ndipo fyuzi ifanyapo kazi yake. Ndani yake mna ukanda mwembamba wa madini, uliofanywa kwa makusudi uwe dhaifu kuliko waya inaoulinda. Umeme ukizidi kipimo, ukanda huyeyuka, umeme hukatika, na waya hupona. Basi fyuzi iliyokatika si adui wa safari. Imekufa yenyewe ili motakaa isiwake moto, na kufa kwake ni habari kwa dereva kwamba mahali fulani pana kasoro.

Kila fyuzi imeandikwa namba yake, nayo ni kipimo cha ampea. Zile za siku hizi, zilizo bapa na zenye miguu miwili, hutambulikana kwa rangi pia: nyekundu ni ampea 10, buluu ni 15, manjano ni 20, na kijani ni 30. Wenye motakaa za zamani huona fyuzi za kioo zilizo kama kijibomba, na waya wake huonekana ndani.

Namba hizo hazikuwekwa kwa kubahatisha. Sisi walimu hufundisha darasani ya kwamba wati zikigawanywa kwa volti jawabu ni ampea. Balbu ya wati 60 katika motakaa ya volti 12 hula ampea 5. Balbu mbili hula 10. Kwa hiyo fyuzi ya 15 yazitosha. Lakini mtu akiongeza taa mbili kubwa za wati 100 kila moja, akaziunga katika waya ule ule, taa hizo peke yake zahitaji karibu ampea 17. Fyuzi ya 15 haina budi kukatika, wala kosa si lake. Taa za kuongeza hupaswa kuwa na waya wake na fyuzi yake.

Itazameni kazi ya kubadili. Kwanza, zimeni injini, zimeni taa, na kuutoa ufunguo. Pili, tafuteni sanduku la fyuzi. Mara nyingi liko chini ya dashibodi karibu na goti la dereva, na jingine liko chini ya boneti karibu na betri. Tatu, someni mchoro ulio ndani ya kifuniko, uonyeshao fyuzi ipi ni ya taa, ipi ni ya honi, na ipi ni ya vipangusa kioo. Nne, ing'oeni fyuzi kwa kibanio kidogo cha plastiki, ambacho mara nyingi huwekwa ndani ya sanduku lenyewe, mkaielekeze kwenye mwanga. Ukanda ukiwa mzima, rudisheni fyuzi mahali pake na mtafute kasoro kwingine, mathalani katika balbu. Ukiwa umekatika, au plastiki imekuwa nyeusi, wekeni nyingine yenye namba ile ile. Kama hamna ya akiba, mwaweza kuazima kutoka redio au kiwashio cha sigara, maadamu namba ni moja; maana safari yaweza kwenda bila redio, lakini haiwezi kwenda usiku bila taa.

Fyuzi mpya ikikatika nayo mara tu mnapowasha, acheni hapo hapo. Shoti ingalipo, nayo ni kazi ya fundi umeme wa magari.

Sasa nasema juu ya desturi mbaya. Wako madereva ambao, fyuzi ikatikapo, hufunga kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pake, ama huweka ya 30 palipotakiwa 10. Taa huwaka, na dereva hujiona kuwa hodari. Lakini amemfukuza mlinzi na kumwacha mwizi ndani ya nyumba. Safari hii kitakachoyeyuka ni waya wenyewe, nyuma ya dashibodi, karibu na mazulia na nguo za viti. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Pakiti ya fyuzi ni ya thamani ndogo, wala hakuna sababu ya mtu kuihatarisha roho yake na za abiria kwa ajili yake.

Nageukia motakaa iliyosimama njiani. Hapa kanuni ni moja: watu kwanza, chombo baadaye. Itoeni motakaa njiani kadiri iwezekanavyo, wala msisimame katika kona. Washeni taa za hatari, vuteni breki ya mkono, na katika mteremko wekeni mawe kwenye magurudumu. Abiria washuke upande usio wa magari, wasimame mbali na barabara. Kisha wekeni pembetatu za tahadhari mbele na nyuma, hatua zisizopungua 50. Na kona ikiwa karibu, wekeni kabla ya kona, ili anayekuja aonywe kabla hajawafikia.

Desturi ya kutandaza matawi ya miti barabarani twaijua sote, nayo husaidia mchana. Lakini usiku matawi hayang'ai, na lori la vitunguu litokalo Mang'ola na mzigo wake haliwezi kusimama kwa hatua tano. Tena msisahau kuyaondoa mawe na matawi mwondokapo. Jiwe lililosahauliwa njiani humngoja mwendesha pikipiki ajaye gizani.

Ndani ya Kreta mambo ni tofauti. Huko kushuka motakaani ni marufuku ila mahali palipotengwa, kama pale Ngoitokitok, kwa kuwa simba na nyati hawajui kwamba motakaa yako imeharibika. Kaeni ndani, mwiteni askari wa hifadhi au dereva wa karibu, mkangoje. Na taa zikigoma kuwaka penye ukungu wa ukingoni, msiendelee kwa kupapasa. Ondokeni njiani, mkangoje mwanga au msaada.

Namba za simu za dharura katika Tanzania ni 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto. Mkipiga, tajeni kwanza mahali mlipo, kisha idadi ya walioumia. Majeruhi asivutwe ovyo, maana shingo au uti wa mgongo waweza kuwa umevunjika. Aondolewe upesi ikiwa pana moto au hatari nyingine ya hapo hapo. Damu itokayo kwa nguvu ibanwe kwa kitambaa safi na mkono usiolegea.

Siwaambii haya kama mambo ya kitabuni. Tarehe 6 Mei, 2017, huko Rhotia katika wilaya ya Karatu, basi dogo la wanafunzi waliokuwa wakienda kufanya mtihani liliporomoka bondeni. Wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu wakatolewa wakiwa hai. Miongoni mwa waliowahi kufika walikuwako wasafiri wa Kimarekani waliokuwa wakipita njia hiyo, wakasimama wakasaidia. Watoto hao baadaye wakapelekwa Marekani kutibiwa, nao wakarudi nyumbani mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Fyuzi haikuwa na neno katika msiba huo. Nautaja ili tukumbuke kwamba katika njia ile hospitali huwa mbali na saa huwa chache, na kwamba apitaye wa kwanza ndiye mganga wa kwanza.

Basi kabla ya kuondoka Karatu, mwenye motakaa na ajiulize: Je, ninazo fyuzi za akiba za kila namba? Taa ya mkono ina betri nzima? Pembetatu ziko mbili? Kitambaa safi kipo, na maji? Akiyaona yote, aende. Akikosa moja, maduka ya vipuri yako karibu, na kuchelewa nusu saa mjini ni afadhali kuliko kulala msituni.

Kwaherini.