Ujira wa Anayekesha

Ikiwa Biblia yako iko karibu, fungua pamoja nami kitabu cha Kutoka, mlango wa 2, mstari wa kwanza hata wa kumi.

Habari hii twaijua tangu Shule ya Jumapili. Mtoto Musa alitiwa katika kisafina, akawekwa penye majani kando ya mto. Binti Farao akamwona, akamhurumia. Dada yake mtoto akatokea, akauliza kama amtafutie mlezi katika wanawake wa Kiebrania, kisha akaenda kumwita mama yake mwenyewe. Ndipo binti Farao akamwambia mama yule amchukue mtoto, amnyonyeshe, naye atamlipa mshahara.

Neno hilo la mshahara nilikuwa nimelipita mara nyingi. Nililisoma chuoni, nikalihubiri mimbarani, lakini sikulisikia mpaka siku nilipofungua daftari moja nyumbani kwangu.

Mungu alitujalia mapacha, mvulana na msichana. Walizaliwa wadogo, na mama yao alikuwa amepasuliwa, hana nguvu za kuinuka usiku. Tukatafuta yaya wa kukaa kwetu, awashike watoto usiku ili mama yao apate nafuu. Tukampata msichana mwenye adabu na mikono myepesi. Tulipatana mshahara ambao naona haya kuutaja hapa redioni. Haukufika nusu ya kile kilichoamriwa na sheria. Nilijiambia, "Anakula kwetu, analala kwetu, sabuni na mafuta ni vyetu. Pesa atazitumia wapi?"

Mke wangu alimpa daftari aandike ni mtoto yupi amekunywa maziwa, na saa ngapi, asije mmoja akalishwa mara mbili na mwenzake akabaki na njaa. Mwisho wa mwezi wa pili nililichukua daftari hilo, nikitafuta karatasi ya kuandikia. Usiku mmoja ulisomeka hivi: Saa tatu na nusu, mvulana. Saa nne na robo, msichana. Saa sita na nusu, mvulana. Saa saba na dakika ishirini, msichana. Saa tisa na nusu, mvulana, ametapika, nimembadilisha. Saa kumi na robo, msichana. Saa kumi na mbili na nusu, mvulana.

Nikahesabu. Ukiondoa muda wa kumcheulisha mtoto, kumbadilisha nepi na kumbembeleza, msichana yule hakupata usingizi wa saa mbili mfululizo. Na kulipokucha hakulala, kwa maana nepi zilimngoja katika karai, nasi tuliona ndiyo desturi. Nikafunua ukurasa mwingine, na mwingine tena. Jumapili pia. Wakati nilipokuwa kanisani nikifundisha habari za siku ya Bwana, nyumbani kwangu kulikuwa na mtu asiye na siku ya kupumzika.

Nikamwonyesha mke wangu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba watoto, mimi nimepona kwa usingizi wa huyu mtoto wa watu."

Mpendwa msikilizaji, rudi sasa kwa binti Farao. Baba yake ndiye aliyewatumikisha Waisraeli kwa ukali. Lakini yeye, katika nyumba ile ile, alipomwajiri mwanamke wa Kiebrania alitaja mshahara siku ile ile ya kwanza. Hakusema, "Utakula vizuri." Hakusema, "Una bahati kulea mtoto wa jumba la mfalme."

Tena angalia jambo hili. Mama yule alimpenda mtoto kuliko mtu ye yote, maana alikuwa wa tumbo lake. Angemlea bure, na kwa shukrani. Hata hivyo alilipwa. Sisi husema, "Yaya wetu awapenda watoto kama wake," kana kwamba upendo wake ni sababu ya kumpunguzia. La! Upendo ni zawadi yake kwa watoto wako. Mshahara ni deni lako kwake. Usichukue zawadi ukalipia deni.

Wengine husema, "Lakini usiku analala, anaamka kidogo tu." Yakobo alimjibu Labani neno kama hilo katika Mwanzo 31. Alimkumbusha baridi ya usiku na usingizi uliomtoroka akilinda mifugo, na jinsi ujira wake ulivyobadilishwa mara kumi. Mungu aliona kazi ya usiku ambayo Labani hakuiona, kwa kuwa Labani alikuwa amelala.

Sheria nayo imeliona. Mwaka 2011, katika mkutano wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva, mataifa yalipatana kwamba saa ambazo mfanyakazi wa nyumbani hana uhuru nazo, kwa kuwa anangojea kuitwa, zihesabiwe kuwa saa za kazi kwa kadiri itakavyowekwa na sheria au mapatano ya kila nchi. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 zenye malipo kila mwaka. Amri ya mishahara ya mwaka 2024 iliweka kiwango cha chini cha yaya katika Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru kuwa Sh. 16,113.75 kwa mwezi. Na katika orodha hiyo hiyo, mlinzi wa usiku ameandikiwa zaidi ya mlinzi wa mchana. Yaya amewekwa pamoja na yule wa mchana. Basi, ikiwa anayekesha langoni hupewa zaidi, anayekesha juu ya pumzi za watoto wawili wachanga anastahili nini? Kiwango cha chini ni sakafu ya nyumba. Si dari yake.

Najua wako wanaonisikia ambao mshahara wao wenyewe ni mdogo. Siwalaumu. Lakini huwezi kuondoa umaskini wako kwa kumtwika aliye maskini zaidi. Ikiwa unaweza kulipia usiku tu, basi omba usiku tu, na mchana umwache alale. Ikiwa unaweza kulipia usiku tatu, patana usiku tatu. Zilizobaki, waombe nyanya ya watoto, shangazi zao na akina mama wa kanisa washike zamu. Nawe baba, amka. Yaandikeni mapatano: saa, mshahara, siku ya kupumzika. Na kazi ya mapacha ihesabiwe kuwa ya watoto wawili.

Sisi tulimwita msichana yule, tukaketi naye mezani, tukamwomba msamaha. Tulihesabu pamoja yale tuliyompunja, nasi hatukuweza kuyalipa kwa mara moja. Yalituchukua miezi minne. Nilidhani atafurahia fedha kwanza. Aliuliza neno moja tu: "Mchungaji, basi Jumapili naweza kwenda nyumbani?" Ndipo tulipojua kwamba ana mtoto wake wa miaka mitatu, amemwacha kwa nyanya yake. Miezi miwili alikuwa amelea wa kwetu usiku na mchana, wala hatukuwa tumemwuliza habari za wake.

Usiku wa leo, kabla hujazima taa, jiulize: ni nani atakayeamka ili mimi nilale? Naye amelipwa?

Na tuombe. Ee Bwana, wewe usiyesinzia, wabariki wote wanaokesha usiku huu kwa ajili ya watoto wa wengine. Utusamehe ujira tuliouzuia, na utupe moyo wa kuulipa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.